Jinsi ya kubishana kuhusu Mwenda Jean Bosco bila kuzunguka palepale

Weka wapenzi watano wa gitaa kavu (lile lisilo la umeme) sehemu moja, haichukui muda mmoja atatamka kwamba Bosco, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa Katanga, Kongo, ndo baba wa wapiga gitaa wote, na hapo ndo kimenuka. Wa pili atauliza baba gani wakati Mukabi wa Kenya alikuwepo, wa tatu atasema Masengo, mpiga gitaa mwenzake wa Katanga, alikuwa na sauti tamu zaidi, wa nne anakuja na ile hoja kwamba bila yule mzungu na mashine yake ya kurekodi hakuna ambaye angemjua, halafu wa tano hajawahi kusikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho ila ana maoni kuwashinda wote. Mimi ubishi huu naupenda sana siwezi kuficha, ila mara nyingi hauendi popote kwa sababu kila mtu ana Bosco wake kichwani na hajagundua kwamba mwenzake anamzungumzia mwingine kabisa. Basi hapa nitaeleza namna ya kuubeba huu mjadala mpaka watu waondoke wamepata kitu, hata kama hamjakubaliana, na kukubaliana wala si lazima.

Anzeni kwa kukubaliana ni Bosco yupi

Hili ndo la kwanza na wengi wanaliruka. Huyu mtu alizaliwa 1930 Bunkeya, Katanga, enzi ya Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mzungu mwenye mashine, akamrekodi Jadotville, na wimbo wake Masanga ukatoka kwenye santuri za kampuni ya Gallotone, hapo Bosco ana miaka kama 22 tu. Mwishoni mwa miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 akakaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, vijana wa Kenya wakawa wanamsikia nyumbani kwao. 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Miaka ya 80 akarekodi tena, zikiwemo zile za Cape Town za 1988, na 1990 akafa kwa ajali ya gari Zambia. Sasa hesabu mwenyewe, kati ya santuri ya kwanza na zile za Cape Town ni miaka 36, halafu unakuta mtu anasema "Bosco alikuwa anapiga haraka" na mwenzake anajibu "hapana alikuwa mtulivu" na wanakaribia kukunjana mashati, kumbe mmoja amesikiliza kijana wa 1952 na mwingine amesikiliza mzee anayekaribia 60. Wote wako sahihi.

Kwa hiyo kabla hujajibu kitu uliza: unasema rekodi ipi? Swali dogo tu hilo lakini linamaliza nusu ya kelele.

Na ukienda kutafuta hizo rekodi jua kwamba majina yamebadilika badilika mno. Kuna zilizoandikwa Jean Bosco Mwenda, nyingine Mwenda Jean Bosco, nyingine Mwenda wa Bayeke, na hilo la mwisho ndo alilolitumia zaidi baada ya Mobutu kupiga marufuku majina ya kizungu mwanzoni mwa miaka ya 70. Miji nayo hivyo hivyo, Jadotville ndo Likasi ya leo, Élisabethville ndo Lubumbashi, na Katanga yenyewe kuna kipindi iliitwa Shaba. Ukitafuta kwa jina moja tu unapata robo ya kazi yake alafu unakuja kutuambia alirekodi kidogo. (Hiyo Bayeke nayo, yaani watu wa ufalme wa Bunkeya, Watanzania msianze, najua Msiri aliyeanzisha ufalme wa Bunkeya alitokea upande wa Unyamwezi, lakini hilo halimfanyi Bosco kuwa mtu wa Tabora.)

Sikiliza mara tatu, kila mara kitu kimoja

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu, na kusema kweli ndo sehemu inayomtenga mtu anayejua na anayerudia alichosikia kwa wengine.

Chukua Masanga ile ya 1952. Mara ya kwanza fuata kidole gumba tu, zile sauti nene za chini, usisikilize kingine chochote, utaona inatembea yenyewe na haibabaiki. Mara ya pili acha gumba ufuate kidole cha shahada, zile noti nyembamba za juu, na hapo utaanza kuchanganyikiwa kwa sababu haziangukii pale ulipotegemea, zinachelewa, zinawahi, zinaingia katikati, mpaka unajiuliza hivi mwanzo wa mdundo uko wapi hasa. Mara ya tatu fuata sauti yake anavyoimba juu ya hayo yote, maana sauti nayo ina njia yake. Mtu mmoja, gitaa moja, vidole viwili, na unasikia kama watu watatu. Kuna mtaalamu wa muziki, David Rycroft, alikaa chini akaziandika hizi nyimbo noti kwa noti na kuzichapisha 1961 na 1962, na mpaka leo watu wanabishana pale pale kwamba mdundo uhesabiwe kuanzia wapi. Kwa hiyo ukipotea usijione mjinga.

Kama una gitaa karibu jaribu kitu hiki hata kama hujui kupiga, ni mazoezi tu sisemi ndo Masanga yenyewe. Shika kodi (chord) ya C, ile ya kawaida ya wanaoanza. Gumba lipige uzi wa tano kisha wa nne, tano, nne, bila kusimama, polepole kabisa, mpaka mkono ufanye wenyewe huku unaongea na mtu. Halafu kidole cha shahada kiingie kwenye nyuzi tatu nyembamba, noti tatu kwa kila mapigo mawili ya gumba. Tatu juu ya mbili. Utaona gumba linataka kufuata shahada na shahada inataka kufuata gumba, zinavutana, na ukifanikiwa kuzitenganisha hata kwa nusu dakika utaelewa kwanini watu wanamheshimu huyu mzee kuliko maneno yangu yote haya. Alafu ongeza kuimba juu yake. Haya.

Baada ya hapo mtu akikuambia "ah ni vidole viwili tu, siku hizi watoto wanapiga vitano" mpe gitaa, kaa kimya.

Kitu kingine cha kuzingatia ukisikiliza ni urefu. Zile santuri za zamani za 78 zilikuwa zinabeba kama dakika tatu kila upande, basi. Kwa hiyo wimbo unakatika ukiwa umeanza kunoga na mtu anasema Bosco hakujua kumaliza wimbo, jamani, mashine ndo imekatika. Rekodi za baadaye anapata nafasi ya kuzungusha na kubadilisha. Ukitaka kumpima kama mtunzi wa gitaa, kama mtu anayeunda kitu pale pale, sikiliza matoleo tofauti ya wimbo uleule na uangalie amebadilisha nini, maana Masanga hakuipiga mara moja tu maishani mwake.

Hilo neno "baba" liweke pembeni

Kila ubishi unaharibikia hapa. Baba wa gitaa la Afrika Mashariki, baba wa rumba, baba wa sijui nini. Ukishaweka baba lazima mwingine alete babu.

Ukweli ni kwamba ile miji ya migodi ya Katanga ilikuwa imejaa wapiga gitaa. Kampuni ya Union Minière ilivuta wafanyakazi kutoka kila upande, Waluba, Wabemba, watu wa Rwanda na Burundi, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa ndo cha kuelewana. Gitaa za bei nafuu zikaingia, santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zikaingia tangu miaka ya 30, nyimbo za makauboi wa Marekani nazo zikaingia, vijana wakachukua hiki na kile wakachanganya na midundo ya kwao. Bosco mwenyewe ni tunda la hapo, anasikika Mkuba kidogo, anasikika kauboi kidogo, na chini ya yote kuna likembe (kile kinanda cha kupiga kwa vidole gumba) na ngoma. Losta Abelo na Edouard Masengo wanatoka kwenye dunia hiyohiyo. Sasa nani alianza? Waliopiga kabla na hawakurekodiwa hatuwezi kuwasikia, kwa hiyo kusema "wa kwanza" ni kusema wa kwanza kukutwa na maikrofoni.

Badala ya kuuliza nani baba, uliza: wimbo gani watu wengi zaidi walijaribu kuuiga wakashindwa? Hapo Bosco anasimama vizuri sana bila kumshusha mtu. Masanga ilikuwa kama mtihani, ukitaka kuonekana mpiga gitaa unaulizwa unaijua, na wengi walijua nusu ya kwanza tu.

Habari ya Nairobi, na kesi ya Mukabi

Wakenya wanaingia hapa na wana haki. Lakini hoja ya ushawishi ni hoja ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kufanana si ushahidi. Unaweza ukasikia nyimbo mbili zinafanana kwa sababu mmoja alimsikia mwenzake, au kwa sababu wote wawili walisikia santuri ileile ya Kikuba, au kwa sababu gitaa lenyewe likipigwa kwa vidole viwili lina njia chache za kwenda.

Kwahiyo ukitaka kusema Bosco alimlea fulani tafuta mambo matatu: je huyo fulani alikuwa mahali ambapo angeweza kumsikia, je kuna kitu maalum kwenye upigaji wake ambacho kabla ya hapo hakikuwepo, na je wenyewe waliokuwepo wanasema nini. La kwanza kwa Kenya ni rahisi, redio ilikuwepo, Bosco alikuwepo, Masengo naye alikuja akaishi na kurekodi Nairobi. La pili ndo kazi.

Mchukue George Mukabi. Aliyefariki 1963, mtu wa Magharibi ya Kenya upande wa Kakamega, yule wa wimbo wa Sengula. Wanaompenda Bosco wanapenda kumweka Mukabi chini yake kama mwanafunzi, na mimi hapo napinga kabisa. Sikiliza omutibo yake, yaani ule mtindo wake wa gitaa, sikiliza ile chupa ya soda inavyokwaruzwa nyuma, halafu sikiliza gumba lake. Mdundo unaomsukuma ni wa kwao, una harufu ya sukuti, ngoma ya Waluhya, unakwenda mbele kwa nguvu na unataka watu wacheze. Bosco wa 1952 anajizungusha ndani, anakufanya uiname usikilize. Inawezekana kabisa Mukabi alimsikia Bosco na akachukua kitu, sioni ubaya, lakini nyumba aliyoijenga ni yake. Ukibishana na Mluhya kuhusu hili bila kuwa umesikiliza nyimbo za Mukabi zaidi ya ile moja inayojulikana na kila mtu, utaaibika tu.

Kuna pia wale wanaovuta mpaka benga, kwamba na yenyewe ilitoka kwa Bosco. Dai kubwa hilo. Benga ina nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, ndani yake, ina mambo yake ya kando ya Ziwa, ina gitaa la umeme. Mtu akidai hivyo mwambie alete nyimbo mbili aziweke moja baada ya nyingine, aonyeshe kwa kidole ni wapi. Akishindwa muendelee na mengine.

Maneno, ambayo wageni hawayagusi

Hapa ndo mimi nina ugomvi na karibu kila kitu kilichoandikwa kuhusu Bosco. Walioandika wengi ni wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani, wanampenda kweli sikatai, wengine walisafiri mpaka Lubumbashi kujifunza kwake, lakini wanamwandika kama vile ni mikono miwili bila mdomo. Utasoma kurasa juu ya gumba na shahada, kuhusu anachoimba unapata mistari miwili. Na sababu inaeleweka, Kiswahili hawakisikii.

Sisi tunakisikia. Yaani huyu mtu aliimba nyingi ya nyimbo zake kwa Kiswahili, tena nyingine Kiluba, Kisanga, Kiyeke, lakini sehemu kubwa ni Kiswahili, na sisi tunakaa tunabishana juu ya vidole kama wageni. Kama unataka kuleta kitu kipya kwenye mjadala, anzia hapa. Kaa na wimbo mmoja, uandike maneno yote unayoyasikia, hata kama mengine hujayaelewa acha nafasi, kisha mtafute mtu wa Lubumbashi au Likasi akujazie. Usikimbilie kusema Kiswahili chake kibovu kwa sababu hakifanani na cha Unguja. Kile ni Kiswahili cha Katanga, kina utaratibu wake, watu wanazaliwa nacho, na ukikisikiliza kwa sikio la mwalimu wa sarufi utapoteza utani wote uliomo.

Utakachokigundua ni kwamba hasimulii hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kama tulivyozoea kwenye nyimbo za siku hizi. Mistari ni mifupi mifupi, huu unatania, huu unaonya, huu unamtaja mtu, huu karibu ni methali, na gitaa ndo linaloishona pamoja. Kwa hiyo yule anayesema "Bosco alikuwa mpigaji mkubwa lakini mtunzi wa kawaida" muulize ametumia kipimo gani. Kama kipimo chake ni hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, basi atamkosa. Kama ni jinsi mstari unavyoangukia kwenye noti mpaka ukiutenganisha na gitaa haubaki kitu, hapo ni mtunzi wa hatari.

Mimi binafsi, na hapa natoa maoni yangu tu, naona kama mwimbaji Masengo alimzidi kwa utamu. Sauti ya Bosco ni ya kuongea, kavu kidogo, haikubembelezi. Lakini kwa nyimbo zile naona ndo inayofaa.

Ile hoja ya Tracey

Hii itakuja tu, jiandae. Inakuja kwa sura mbili. Ya kwanza inasema Tracey ndo alimtengeneza, ya pili inasema Tracey alimnyonya. Usimeze yoyote nzima nzima.

Tracey alizunguka sehemu kubwa ya Afrika ya kusini, kati na mashariki na mashine zake, alirekodi mamia kwa mamia ya watu, wengi wao hakuna anayewakumbuka leo. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi kumfanya mtu Bosco, kama ingetosha tungekuwa na Bosco mia tano. Ila pia ni kweli kwamba bila ile siku ya Jadotville hatungekuwa na sauti ya kijana yule, na kwamba santuri ziliuzwa na kampuni, na miaka ile ya ukoloni mwanamuziki Mwafrika kwa kawaida alilipwa kitu kidogo papo hapo na mambo yakaishia hapo. Ukitaka kuzungumzia pesa zungumzia mfumo wote, usibuni kiasi alicholipwa, maana nimeona watu wanataja takwimu wamezitoa mifukoni mwao.

Na kuna swali zuri zaidi ndani ya hilo ambalo watu hawaliulizi: kwanini nyimbo zile zilipendwa pia na watu wa kawaida wasio na habari na Tracey? Kwenye redio ya Nairobi hakuna aliyejali nani alishika maikrofoni.

Bosco wa uzeeni

Wapo wanaosema alitakiwa aishie kwenye zile za mwanzo. Kwamba 1960 Kongo ikapata uhuru, Katanga ikajitenga mpaka 1963 na vita juu, halafu Kinshasa ikafunika kila kitu kwa gitaa za umeme na Kilingala, akina Franco na OK Jazz, na mzee wa gitaa kavu akabaki nyuma. Kama historia ya soko ni kweli, alifunikwa. Ila kufunikwa na kuishiwa ni vitu viwili tofauti.

Weka Masanga ya 1952 na baada yake uweke kitu kutoka zile za Cape Town. Kasi imepungua, ndiyo. Vidole si vya kijana. Lakini sikiliza anavyoacha nafasi, anavyojiamini kutokujaza, na sauti imeshuka ikapata uzito. Mimi zile za mwisho nazisikiliza zaidi usiku na zile za kwanza nikiwa nataka kumshtua mtu. Usikubali ubishi wa "bora ipi" uende bila mtu kusema bora kwa nini, kwa kujifunza gitaa, kwa kucheza, kwa kusikiliza peke yako, kila moja ina jibu lake.

Mkiamua kukaa kusikiliza pamoja

Mpangilio ninaoupenda ni huu. Anza na santuri yoyote ya Kikuba ya miaka ya 30 au 40, Trio Matamoros ni sawa kabisa, dakika chache tu watu wapate sikio la kile kilichokuwa kinasikika Katanga. Kisha Masanga ya 1952, mara mbili mfululizo, bila mtu kuongea, na huu ndo mtihani mgumu kuliko wote. Kisha Bombalaka, wimbo mwingine wa Bosco. Kisha Masengo wimbo mmoja, Abelo wimbo mmoja, ndo watu waruhusiwe kufungua midomo. Baada ya hapo Mukabi nyimbo mbili au tatu, na anayezijua chupa aokote chupa. Za Cape Town ziwe za mwisho, usiziweke katikati, maana ukiweka mzee katikati ya vijana watu wanaishia kupima kasi tu.

Yule anayesema baba kabla ya Bombalaka anunue soda za wote.